Kusawazisha Sauti: Sonari na Popo

Jua likichwa katika nchi iliyo baina ya Handeni na Korogwe, popo hutoka kuwinda wadudu gizani. Kazi yao ndiyo kazi ya sonari ya meli, yaani kupeleka sauti, kungoja mwangwi, na kutambua kwa mwangwi huo kitu kiko wapi. Lakini sauti hairudi kama ilivyokwenda.

Shida hiyo huonekana zaidi vyombo viwili vinapopelekeana habari kwa sauti chini ya maji. Sauti hukimbia humo kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Sehemu yake hufika moja kwa moja, nyingine hugonga kwanza uso wa maji, nyingine sakafu ya bahari. Zote humfikia mpokeaji zikipandana, mithili ya watu watatu wasemao pamoja. Na mawimbi yakigeuka, mchanganyiko nao hugeuka.

Dawa yake ni kusawazisha kunakojirekebisha. Neno hili lafaa, maana seremala naye hupiga randa, akatazama, akapiga tena. Kwanza hupelekwa sauti ambayo mpokeaji anaijua. Chombo chake hulinganisha kilichofika na kilichotazamiwa. Tofauti yake ndiyo kosa. Kisha huongeza au hupunguza uzito wa kila kipande cha sauti, kidogo kidogo, hata kosa lipungue. Hesabu hii, nyepesi ajabu, ilibuniwa na Bernard Widrow na Ted Hoff huko Stanford mwaka 1960. Ugumu umo katika ukubwa wa hatua: ikiwa kubwa mno chombo huyumba, ikiwa ndogo mno bahari huwa imekwisha kubadilika.

Popo wa jamii ya Rhinolophus, waishio pia katika milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe, hufanya vingine. Popo huyu akiruka mbele, mwangwi humrudia ukiwa mwembamba kuliko mlio alioutoa, kwa sababu ya mwendo wake. Na sikio lake ni kali mno kwa sauti za kimo kimoja tu. Basi hushusha mlio unaofuata, ili mwangwi wake uangukie papo hapo. Hans-Ulrich Schnitzler alilieleza jambo hili mwaka 1968. Kosa humwongoza popo kama liongozavyo chombo, ila yeye hurekebisha anachokipeleka, si anachokipokea. Tena husawazisha mwendo wake mwenyewe tu. Mtikisiko wa mbawa za nondo hubaki katika mwangwi, nao ndio umwambiao kwamba mbele yake pana chakula wala si jani.