KARATASI IKIKWAMA KATIKA PRINTA, USIIVUTE KWA HASIRA

Wewe unayeishi Njisi, au popote katika bonde la Kyela, huna haja ya kuelezwa unyevu ni kitu gani. Ardhi ya huko iko chini, kiasi cha meta 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto ni jingi, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Chumvi hulowa koponi, na mpunga usiokauka vyema hukatikakatika kinuni. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba karatasi nayo hunywa maji hayo hayo ya hewani.

Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na nyuzi hizo hazijaacha tabia yake ya kunyonya. Rimu ikifunguliwa siku ya masika na kuachwa wazi mezani, karatasi hujikunja pembeni na kushikamana mbili mbili. Printa huzivuta kwa pamoja, nazo hukwama. Zikinusurika hapo, katika printa ya leza ziko rola za moto mkali zinazoyeyusha wino wa unga ushike. Huko maji yaliyomo hugeuka mvuke, na karatasi hukunjamana. Kwa hiyo mwenye steshenari jirani na mpaka wa Kasumulu akiituhumu mashine yake kila masika, mara nyingi huwa anaionea.

Mlangoni wanangoja mzazi mwenye fomu ya shule ya mtoto, na msafiri anayetaka kuvuka Songwe kwenda Malawi. Papara huingia. Karatasi huvutwa kwa nguvu, hupasuka, na kipande kama ukucha hubaki ndani. Kumfuata fundi Mbeya ni safari ya zaidi ya kilometa 100 za kupanda milima ya Rungwe, na siku nzima ya kazi imekwenda bure.

Basi, karatasi ikikwama, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Kama ni ya leza, ingoje ipoe kwa nusu saa hivi. Mashine ya kunakili ya Xerox 914, iliyotoka Marekani mwaka 1959, ilikuwa ikiunguza karatasi zilizokwama, hata watengenezaji wakaiambatanisha na kizimamoto kidogo! Za leo hazina vituko hivyo, lakini rola zake bado huunguza kidole.

Chomoa trei kwanza, utazame kwa tochi. Kisha fungua mlango wa mbele au wa nyuma. Katriji ya tona ukiitoa, ifunike kwa kitambaa kizito, kwani mwanga huiharibu. Sasa ishike karatasi kwa mikono miwili, pande zote mbili sawasawa, uivute polepole kuelekea kule ilikokuwa ikienda. Kuirudisha nyuma ndiko kunakoipasua. Kisu na bisibisi viweke mbali. Unga wa tona ukimwagika, upanguse kwa kitambaa kikavu, na mikono uioshe kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huugandisha.

Ikiwa imepasuka, panga vipande mezani kama mtoto anavyounga picha. Pembe ikikosekana, imo ndani. Itafute kabla hujawasha.

Kuhusu rimu, usiianike juani kama mpunga, maana karatasi itajikunja zaidi. Ile iliyoteremka leo kutoka baridi ya Mbeya ilaze usiku mmoja katika karatasi yake ya dukani bila kuifungua. Baadaye toa kiasi cha kazi ya siku, zipepete kwa vidole kabla ya kuzitia kwenye trei, na zilizobaki uzifunge ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya rafu, mbali na sakafu ya saruji. Jioni, zilizosalia kwenye trei zirudishe mfukoni pamoja na wenzake.