Nusukaputi na ukuaji wa ubongo wa mtoto

Nusukaputi (pia: dawa ya usingizi) ni usingizi mzito unaoletwa na dawa ili mgonjwa asihisi wala kukumbuka upasuaji. Ni tofauti na ganzi, ambayo huondoa hisia za sehemu moja tu ya mwili huku mgonjwa akiwa macho. Tangu mwisho wa karne ya 20 wataalamu wamekuwa wakichunguza kama dawa hizo zinaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye chini ya miaka 3, kwa kuwa katika umri huo ubongo hukua kwa kasi sana.

Asili ya wasiwasi

Dawa za nusukaputi hubadili mawasiliano kati ya seli za neva. Halothani, sevoflurani na propofoli huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Ketamini huzuia vipokezi vya glutamati, kemikali inayouamsha. Kwa mtoto mchanga kemikali hizo zina kazi nyingine pia: husaidia seli za neva kukua na kuungana, na seli isiyopata ishara za kutosha hujiua yenyewe.

Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba dawa za kuzuia vipokezi vya glutamati huua seli nyingi katika ubongo wa panya wachanga. Mwaka 2003 watafiti nchini Marekani waliwapa panya wa siku 7 mchanganyiko wa dawa za usingizi kwa saa 6. Panya hao walipokua walikuwa wazito wa kujifunza. Kima wachanga waliopewa ketamini kwa saa 24 mfululizo nao walibaki nyuma ya wenzao katika majaribio ya kujifunza (2011). Lakini saa 24 ni muda mrefu mno: upasuaji wa ngiri ya mtoto kwa kawaida hauzidi saa moja.

Matokeo kwa watoto

Uchunguzi wenye uzito zaidi ni ule unaoitwa GAS, uliofanyika katika hospitali 28 za nchi 7. Vichanga 722 wenye ngiri walipangwa kwa kura: wengine walilazwa kwa sevoflurani, wengine walichomwa sindano ya ganzi mgongoni na kubaki macho. Walipopimwa wakiwa na miaka 2 (matokeo ya 2016) na miaka 5 (2019), makundi hayo mawili hayakutofautiana kiakili. Uchunguzi mwingine wa Marekani, PANDA, ulilinganisha jozi 105 za ndugu, mmoja akiwa amepasuliwa ngiri kabla ya miezi 36, na haukukuta tofauti ya akili.

Uchunguzi wa MASK wa Mayo Clinic (2018) uliongeza jambo. Akili kwa jumla ilikuwa sawa hata kwa watoto waliolazwa mara nyingi, ila hao wa mara nyingi walikuwa na upungufu mdogo katika kasi ya kufikiri na wepesi wa vidole. Haijulikani kama sababu ni dawa au maradhi yaliyowarudisha kupasuliwa tena na tena.

Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu upasuaji unaozidi saa 3, au unaorudiwa, kwa watoto walio chini ya miaka 3 na kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho.

Katika hospitali za wilaya

Mikumi, mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, una Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Mjini Kilosa iko hospitali ya wilaya. Katika hospitali za ngazi hiyo nchini Tanzania ketamini hutegemewa sana, kwa sababu haihitaji mashine na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Hata hivyo GAS, PANDA na MASK hazikufanyika Afrika, na zilihusu zaidi dawa za kuvuta. Mtoto aliyeungua kwa uji au moto wa jikoni, anayelazwa kwa ketamini kila anapobadilishiwa bandeji, yuko mbali na mtoto wa GAS aliyelazwa mara moja tu.

Madhara yaliyothibitika zaidi kwa ubongo ni ya upungufu wa oksijeni, shinikizo la damu kushuka mno na sukari kuisha mwilini. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni kidoleni na mtoa dawa za usingizi aliyefunzwa vina uzito kuliko uchaguzi wa dawa. Mtoto pia hapaswi kufungishwa kupita kiasi: maziwa ya mama huachwa saa 4 kabla, chakula kigumu saa 6. Kumwacha na njaa tangu usiku hadi alasiri ni hatari yenyewe.

Kuahirisha nako kuna gharama. Ngiri iliyonasa huweza kuozesha utumbo kwa muda wa saa chache. Mtoto mwenye kichwa kikubwa, ambaye kutoka Mikumi husafiri karibu kilomita 300 hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), hupoteza ubongo kwa shinikizo la maji kadiri anavyosubiri. Upasuaji usio wa haraka unaweza kungoja, kwa makubaliano ya mzazi na daktari. Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hunyooshwa kwa plasta za kila wiki, na kano ya kisigino hukatwa kwa ganzi tu.