Kizibo cha Soda na Hesabu ya Matatu Ndogo

Anayetaka kuunda kigari cha mfano Kitengela hana haja ya kuagiza vifaa kutoka ng'ambo. Mji unajengwa kila siku, na vipande vya waya wa kufungia nondo vimetapakaa viwanjani. Fundi wa baiskeli hutupa spoki zilizopinda. Pakiti za maziwa, maboksi na vizibo vya soda havikosekani nje ya duka lolote, kuanzia hapa hadi Isinya na Kajiado mjini. Watoto wa Kenya wamekuwa wakigeuza takataka za namna hii kuwa magari tangu zamani, na mikono yao ni hodari. Wakiongezewa rula, penseli na hesabu ya kugawanya, kichezeo chao kitakuwa mfano halisi wa gari, wenye kila kipimo kilichopunguzwa kwa kiasi kimoja.

Anza na gurudumu

Waundaji wengi huanza na bodi, kisha wakahangaika kutafuta magurudumu yanayolingana nayo. Afadhali kugeuza mpangilio huo. Bodi unaikata upendavyo, lakini gurudumu la duara kamili ni vigumu kulichonga kwa mkono, kwa hiyo chukua lililokwisha kutengenezwa kiwandani na uliache liamue ukubwa wa gari zima.

Kizibo cha bati cha chupa ya soda kina kipenyo cha milimita 32 hivi. Tairi la Toyota Hiace, matatu ya abiria 14 inayojulikana na kila msafiri wa barabara ya Namanga, lina kipenyo cha takriban milimita 690. Gawanya 690 kwa 32, upate karibu 22. Huo ndio uwiano wako, 1:22, na sasa kila kipimo cha gari halisi kigawanye kwa 22. Hiace ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695, upana wa 1,695 na kimo cha 1,980, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna 2,570. Kigari chako basi kitakuwa na urefu wa milimita 213, upana wa 77, kimo cha 90, na ekseli zitaachana kwa 117. Ukiwa na sehemu ambayo vipimo vyake huna, mwombe dereva ruhusa gari likiwa stejini, upime kwa futi kamba. Mstari wa manjano, uliokuja na kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004, ukiukuta una sentimita 15, kwenye kigari uchore kwa milimita 7.

Usiogope kwamba 1:22 haimo katika orodha za viwanda. Uwiano maarufu wa 1:43 ulitokana na reli za kuchezea za Uingereza, ambamo milimita 7 ziliwakilisha futi moja. Magari ya Matchbox, yaliyobuniwa na Jack Odell wa kampuni ya Lesney jijini London na kuanza kuuzwa mwaka 1953, yalitengenezwa yatoshe ndani ya kisanduku kidogo, hivyo basi na gari dogo vikapunguzwa kwa uwiano tofauti. Wao walitawaliwa na kisanduku, wewe utawaliwe na kizibo. Lakini ukikizungushia kizibo ukanda wa tyubu ya baiskeli kama tairi, pima upya kabla ya kugawanya, maana kipenyo kimeongezeka.

Ekseli inayozunguka

Tundu la ekseli lazima liwe katikati kabisa, la sivyo kigari kitachechemea. Chora duara la kizibo kwenye karatasi, ulikate, kisha ulikunje mara mbili. Pale mikunjo inapokutana ndipo kitovu. Bandika karatasi hiyo juu ya kizibo, utoboe kwa msumari. Ndani ya kizibo shindilia kipande cha mpira wa kandambili kuukuu ili spoki ishikwe imara. Kwa nje, bandika duara la milimita 17 lililokatwa kwenye upande unaong'aa wa pakiti ya maziwa. Hiyo ndiyo rimu, kwani rimu ya inchi 15 ni milimita 381, na 381 kwa 22 ni 17.

Spoki ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, na wembamba huo ni faida. Msuguano hutokea pale ekseli inapogusana na kishikio chake, na kadiri ekseli inavyokuwa nyembamba kuliko gurudumu, ndivyo msuguano unavyokosa nguvu ya kulizuia. Kijiti cha mishikaki, ambacho ni kinene zaidi na kina nyuzi, hukwamisha mapema. Pitisha spoki ndani ya mrija uliogundishwa chini ya sakafu ya kigari, uipake unga wa penseli. Unga huo ni grafiti, ambayo tabaka zake huteleza moja juu ya nyingine.

Bodi ya boksi na pakiti

Kadibodi yenye mawimbi ndani hukaza kufuata mawimbi na kukunjika kirahisi kwa upande mwingine. Kwa hiyo sakafu ikatwe mawimbi yakielekea mbele na nyuma. Karatasi mbili zilizolazwa tu hukaza mara mbili ya moja, lakini zikigundishwa kikamilifu hukaza karibu mara nane, kwa sababu ukakamavu huongezeka kwa mchemraba wa unene. Gundi nyeupe inatosha. Ukiikosa, pika uji mzito wa unga wa ngano: chembe za wanga hufura ndani ya maji ya moto na kugeuka gundi. Paka nyembamba na uweke kitabu kizito juu hadi ikauke, maana unyevu wa upande mmoja hupinda kadibodi. Kona zishikilie kwa miba mikavu ya mgunga badala ya pini. Ile yenye vifundo ikague kwanza, kwani ndani yake huishi sisimizi.

Kwa milango na paa, pakiti ya maziwa ya kadi hushinda karatasi. Imeundwa kwa kadi, plastiki na utando wa alumini, hivyo hukunjika kwa mstari safi na haiharibiwi na maji ya rangi. Pitisha kwanza kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari, kisha ukunje.

Kioo kutoka chupani

Kioo cha mbele cha Hiace kimepinda, na kadi haiwezi kuigiza mpindo huo. Chupa ya maji inaweza. Plastiki yake ilivutwa ikiwa moto kiwandani, ikapoozwa kabla haijarudi, na ikipashwa joto la nyuzi 80 hivi hulegea na kunywea. Chonga umbo la kioo kwenye mti laini, kwa mfano mlingoti mkavu wa mkonge, uliingize ndani ya kipande cha chupa, kisha umwagie maji yanayochemka juu ya beseni. Plastiki itanywea na kuvaa umbo. Kitengela iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na maji huchemkia kwenye nyuzi 95 hivi, joto linalotosha kabisa. Mtoto asifanye hatua hii bila mtu mzima. Wala asipinde mabomba ya plastiki kwa moto, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Uzito na rangi

Urefu ukigawanywa kwa 22, ujazo, na uzito pamoja nao, hugawanyika kwa 22 mara tatu, yaani 10,648. Gari la kilo 1,800 basi lapaswa kuwa gramu 169 tu. Cha kadibodi huwa chepesi kuliko hapo, na ndiyo sababu hurukaruka na kupinduka. Kipime kwenye mizani ya duka, ujazie pengo kwa kokoto zilizogundishwa sakafuni, chini kabisa, katikati ya ekseli.

Rangi nayo hufuata uwiano. Tabaka la nusu milimita lingekuwa sentimita moja na zaidi kwenye gari halisi, na lingefukia mistari ya milango. Paka mara tatu nyepesi, ukisubiri kila moja ikauke. Ikiwa umetumia povu jeupe la maboksi ya televisheni, epuka rangi ya kupuliza na thina, kwani huliyeyusha.

Mwisho, andika 1:22 chini ya sakafu. Lori lenye tairi la milimita 1,044 litahitaji gurudumu la milimita 47 ili lisimame kando ya matatu hii bila kudanganya, na mwanafunzi wa Isinya anayelijenga hahitaji kukiona kigari chako. Hiyo namba moja inamtosha kupata vipimo vyote, na kazi zenu mbili zitapita kwenye barabara moja.