Picha haionyeshi kitu, mgongo unauma

Mtu aliyeumwa mgongo kwa mwaka mzima huingia kwa daktari na bahasha kubwa mkononi. Ndani mna picha za eksirei, pengine na za MRI iliyolipiwa kwa michango ya ndugu. Daktari huziinua kwenye mwanga, kisha hutoa moja ya kauli mbili: "Sioni tatizo lolote hapa," au "Pingili zako zimesagika." Wa kwanza hurudi nyumbani akijiona ameonekana mwongo. Wa pili hurudi akitembea kama aliyebeba trei ya mayai, anaogopa kuinama, anaogopa hata kumbeba mwanawe. Wote wawili wamenyimwa maelezo, na kukosa maelezo huko huzidisha maumivu.

Maumivu huitwa sugu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo, jeraha la kawaida la msuli au kano huwa limepona. Kinachoendelea kuuma mara nyingi kina sababu tofauti kabisa na ile iliyoanzisha. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inatambua kwamba maumivu sugu yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Kati ya maumivu sugu, ya mgongo yanaongoza. WHO inakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba kwa takriban asilimia 90 ya wagonjwa hakuna ugonjwa au kasoro moja inayoweza kutajwa kwa uhakika kuwa ndiyo chanzo. Hapa ndipo bahasha ile inapopotosha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya matokeo ya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, walikuwa asilimia 96. Kuchakaa huko, ndiko huitwa kusagika, kwa watu wengi ni umri tu unaojionyesha mgongoni kama mvi zinavyojionyesha kichwani. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaonyeshwa picha.

Basi maumivu yanatoka wapi? Aliyewahi kuunguzwa na mvuke wa chungu anajua kwamba siku ya pili hata kanga ikigusa ngozi ile, inauma. Kanga haijamdhuru, mishipa ya fahamu ya mahali pale ndiyo imekuwa miepesi kupiga kelele. Mwaka 1983 Clifford Woolf, mwanasayansi mzaliwa wa Afrika Kusini, alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba wepesi huo hutokea pia ndani kabisa, kwenye mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo. Ikishazoea kupeleka habari za hatari, huendelea kuzipeleka hata hatari inapokuwa imepita, na mguso mdogo hufika kwenye ubongo kama maumivu makali.

Ubongo nao una kauli yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia, huko Italia, daktari wa jeshi la Marekani Henry Beecher alishangazwa na askari wengi waliojeruhiwa vibaya waliosema hawahitaji dawa ya maumivu. Usalama, hofu, usingizi, msongo wa madeni au wa ndoa, vyote hupunguza au kuongeza kile kinachohisiwa. Hii haina maana kwamba mgonjwa anajitungia. Maumivu yake ni ya kweli, na yanapimika katika maisha yake: kazi aliyoiacha, usiku asiolala. Ndugu wanaomwambia anadeka wanamwongezea mzigo.

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo unatanguliza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba za viungo kama kukanda, na tiba ya kisaikolojia. Mikanda ya mgongo, ile inayouzwa hadi kwenye vituo vya daladala, haipendekezwi kama tiba ya kawaida. Kulala kitandani wiki nzima nako hudhoofisha misuli na kurefusha tatizo.

Ila mazoezi yana kanuni yake, na wengi huikosea. Chukua mama lishe anayeamka siku moja akiwa na nafuu. Anafua nguo za wiki nzima, anachota maji, anasugua masufuria yote. Kesho yake hainuki, na keshokutwa pia. Anaamini kazi imemuumiza, kumbe kipimo ndicho kilichokosewa. Kama anaweza kusimama jikoni dakika 15 kabla maumivu hayajapanda, abadili mkao dakika ya 12, kila siku, iwe siku njema au mbaya. Wiki ijayo aongeze dakika mbili. Maji ya ndoo ya lita 20 ayagawe kwenye madumu madogo na kwenda safari zaidi. Kutembea nako ni tiba: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, kwa watu waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa kutembea walikaa wastani wa kati (median) wa siku 208 kabla hayajarudi, dhidi ya siku 112 kwa wasioufuata.

Dawa zina nafasi, tena ndogo kuliko tunavyoipa. Diklofenaki na ndugu zake husaidia kwa muda mfupi, lakini zikimezwa miezi mfululizo kutoka duka la dawa huchimba vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha, kisukari au umri mkubwa asizianze bila kupimwa. Tramadoli na dawa nyingine za jamii ya morfini, WHO inashauri zisitumike kwa maumivu haya.

Kuna maumivu ya mgongo yasiyosubiri mazoezi. Yakiandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mifupa, bruselosi kwa wafugaji, au saratani, ikiwemo ya tezi dume kwa wanaume wa makamo na wazee. Na ukihisi ganzi sehemu za siri, miguu ikalegea, au mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika, nenda hospitali usiku huohuo. Mishipa ya fahamu iliyobanwa hivyo inaweza kuharibika moja kwa moja isipofunguliwa mapema.