Kitambuzi Kikishatoka Mezani

Mwenye mita ya LUKU hapa Babati anaikumbuka shughuli ya mwaka 2024. Ulinunua umeme, ukaletewa mafungu matatu ya namba badala ya moja, kila fungu tarakimu 20, ukatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio: mawili ya kubadili mita, kisha la uniti zenyewe. Chanzo kilikuwa hesabu. Tokeni hubeba alama ya muda inayohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo, biti 24, inatosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024.

Mita hiyo ni kompyuta iliyofichwa ndani ya kifaa ikapewa kazi moja. Wataalamu huiita mfumo pachikwa. Mita nyingi za namna hiyo hazina mawasiliano na ofisi. Kinachobeba ujumbe kutoka shirika la umeme, TANESCO, hadi kwenye mita ni vidole vyako, na ndiyo maana kazi ile ilifanyika nyumba kwa nyumba. Kompyuta kama hiyo ikipewa redio, ikazungumza na nyingine na kutuma vipimo vyake bila kushikwa na mtu, inakuwa mfumo pachikwa wa mtandao. Mzazi wa Bagara au Maisaka anayesikia kwamba mwanawe anaandika tasnifu juu ya mambo hayo, pengine katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, Arusha, ambako vijana wa Afrika Mashariki husomea shahada ya uzamili ya fani hii, ana haki ya kuuliza: anatafiti nini hasa?

Tuchukue ziwa letu. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika likaingia mjini. Mwanafunzi anaweza kuazimia kuweka kitambuzi cha kupima kimo cha maji na kutuma taarifa kila robo saa. Wazo lina watangulizi karibu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, walitengeneza kifaa cha bei nafuu cha kupima kimo cha mto na kutuma vipimo kwa redio ya LoRa, na mwaka 2023 wakachapisha maelezo yake ili wengine waweze kukiunda.

Kanuni yake ni mwangwi. Kifaa huning'inizwa juu ya maji, kikatoa sauti kali ambayo sikio letu haliisikii, kisha kikahesabu muda wa mwangwi kurudi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 10, maji yako mita 1.7 chini. Ila mwendo wa sauti hubadilika na joto la hewa, kiasi cha mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Babati asubuhi ya Julai ni ya koti, na mchana jua linawaka. Tofauti ikifika nyuzi 15, kwenye umbali wa mita 3 kosa linakaribia sentimita 8. Mwanafunzi asiyepima joto atatuletea grafu maridadi ya ziwa linalopanda kila alasiri na kushuka kila alfajiri, kisha atapoteza miezi akitafuta maelezo ya jambo ambalo halikutokea.

Umeme ndio mtihani mkubwa zaidi. Betri ya lithiamu kama ile ya tochi inaweza kutoa miliampia 2,500 kwa saa moja. Kifaa kinachokula miliampia 100 muda wote kitaimaliza kwa saa 25. Kikifundishwa kulala na kuamka kwa sekunde 5 tu kila robo saa, betri ileile inakaribia miezi sita. Hesabu hiyo huandikwa vizuri kwenye tasnifu, lakini bodi ya kujifunzia iliyonunuliwa dukani ina taa ndogo nyekundu isiyozimika na vipande vingine visivyolala. Vikila miliampia 10 kimyakimya, miezi sita inageuka siku kumi. Modemu ya simu nayo huvuta hadi ampia 2 kwa mikupuo inapotuma. Betri ikiwa imechoka, kifaa chote kinazima na kuwaka upya kila kinapotaka kusema. LoRa hutumia umeme kidogo na kufika kilomita kadhaa, mradi kipokezi kiwe juu na kisizibwe na mwinuko. Hapo bado sijataja viboko wa ziwa hili, wanaotoka usiku kulisha. Mlingoti uliosimikwa kwenye njia yao hautamaliza msimu.

Mezani mambo haya hayaonekani. Nasikitika kila ninaposoma tasnifu inayoishia kwenye picha ya kifaa kikiwaka maabara, kwa sababu swali la utafiti liko huko nje, pale kifaa kinapokosa umeme, mnara au msaada.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulifanyika jirani. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavisha pundamilia kola zenye GPS na redio katika hifadhi ya Sweetwaters, Laikipia, Kenya. Mradi uliitwa ZebraNet. Hapakuwa na mnara wa kutegemea, kwa hiyo kola ziliachiwa zipashane habari zenyewe: pundamilia wawili wakikaribiana, kila kola inaipa nyingine kumbukumbu zake. Mtafiti akipita na gari karibu na mnyama mmoja, anaondoka na safari za wengine ambao hakuwaona. Pundamilia wa Tarangire nao hutoka hifadhini mvua zinapoanza, wakapita kwenye ardhi za vijiji. Kijana wa Babati ana swali kama hilo mlangoni.

Kwa upande wa hali ya hewa, mradi wa WIMEA-ICT uliunganisha vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen ya Norway pamoja na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakashiriki kuunda vituo vinavyojiendesha. Mkoa wetu unavihitaji. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliishukia Katesh na watu zaidi ya 80 wakafa. Sisemi kifaa kingewaokoa. Hakuna awezaye kusema hivyo kwa uhakika. Lakini vipima mvua vilivyotapakaa mlimani ni utafiti halali, na mgumu, kwa sababu mvua ya kileleni si ile ya bondeni.

Kwa hiyo msimamizi akiniomba ushauri, naomba ukurasa mmoja wa shajara ndani ya kila tasnifu: kifaa kilisimikwa lini, kilinyamaza lini, kilipofunguliwa kilikutwa na nini. Siku 40 za kazi na siku 12 za ukimya zilizoelezwa zinamfaa mwanafunzi wa mwaka ujao kuliko grafu isiyo na pengo.

Na pembeni ya kitambuzi cha ziwani usimikwe mti uliopakwa rangi na kuchorwa sentimita. Mvuvi anayetoka na mtumbwi alfajiri ausome, ausome tena jioni, aandike kwenye daftari, alipwe kwa kazi hiyo. Siku daftari lake na kompyuta vikipishana, mwanafunzi aanze kukagua kwenye kompyuta.