Tundu Moja, Watu Wanne: Namna ya Kugawana Intaneti Chumbani



Katika mabweni mengi intaneti hufika chumbani kwa waya, na waya huo huishia kwenye tundu moja ukutani. Chumba kikiwa na mafrateri wanne, kila mmoja na kompyuta mpakato na simu yake, vifaa ni vinane na tundu ni lilelile moja. Ofisi ya parokia au familia yenye laini moja ina tatizo hilohilo. Tueleze kwanza vifaa, kisha tueleze kwa nini vifaa peke yake havitoshi.

Njia za kugawa ni tatu.

Ya kwanza ni swichi. Hiki ni kisanduku chenye matundu kadhaa: waya mmoja unaingia kutoka ukutani, nyaya nyingine zinakwenda kwenye kompyuta. Swichi haitoi anwani. Kila kompyuta huomba anwani yake ya IP kutoka mtandao wa jengo. Mtandao huo ukiruhusu anwani moja tu kwa kila tundu, kompyuta ya kwanza itapata na nyingine zitakosa. Tena simu hazina pa kuchomeka waya.

Ya pili ni ruta. Ruta hupokea anwani moja kutoka ukutani, kisha huvipa vifaa vya chumbani anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168. Ni kama sanduku la posta la seminari. Barua za watu wote hufika kwa S.L.P. moja, kisha huku ndani kila barua hupelekwa kwa mwenyewe. Ruta hukumbuka kifaa gani kiliomba nini, na jibu likirudi hulipeleka panapohusika. Nyingi pia hutoa Wi-Fi, hivyo simu nazo hupata.

Ya tatu haihitaji kununua kitu. Waya huchomekwa kwenye kompyuta moja, nayo huwagawia wengine kwa Wi-Fi. Windows 10 na 11 zinaweza kuhudumia hadi vifaa 8 kwa njia hii. Kasoro yake ni kwamba mwenye kompyuta hiyo akiizima au akienda nayo maktaba, chumba kizima kinabaki bila intaneti.

Tahadhari kwa wanaotumia ruta: waya wa ukutani uingie kwenye tundu lililoandikwa WAN au Internet. Ukichomekwa kwenye tundu la LAN, ruta inaweza kuanza kutoa anwani zake kwa vyumba vingine, na majirani wakapoteza intaneti bila kujua sababu. Kwa hiyo tuombe kwanza ruhusa ya anayesimamia mtandao wa nyumba, na tuweke nenosiri.

Sasa tukumbuke kwamba kugawa si kuongeza. Tuchukue mfano wa laini ya megabiti 4 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, hivyo andiko la megabaiti 5 humfikia mtu aliye peke yake kwa sekunde 10. Wanne wakipakua maandiko ya ukubwa huo kwa pamoja, kila mmoja atasubiri sekunde 40 hivi. Hilo linavumilika. Lakini video moja ya ubora wa 720p inaweza kuchukua takriban megabiti 2.5, yaani zaidi ya nusu ya laini. Na sasisho la gigabaiti 1 hujaza laini yote kwa zaidi ya nusu saa.

Je, ruta haigawi sawasawa? Kwa kawaida haihesabu watu. Laini ikijaa, mgawo hufuata zaidi idadi ya mawasiliano yaliyofunguliwa. Programu ya kupakua inayofungua mawasiliano 10 inaweza kupata karibu mara kumi ya anayepakua makala moja. Ni kama sinia moja ya ugali ambapo mmoja amekuja na mikono ishirini.

Zipo ruta zinazoweza kuwekewa kikomo kwa kila kifaa, na ni vizuri kukitumia. Hata hivyo Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako, anatufundisha kwamba haki ya ugawaji hufuata uwiano, na si lazima wote wapate kiasi kilekile. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaifuata hoja hiyo katika Summa Theologiae. Chumbani swali linakuwa: uwiano wa nini? Ruta haijui kwamba frateri mmoja anapaswa kutuma kazi ya Metafizikia kabla ya saa sita usiku, wala kwamba mwingine anasubiri simu kuhusu mama yake aliyelazwa. Haijui pia kwamba mmoja wetu hana fedha za bando. Wengine laini ikielemewa huhamia kwenye simu zao, lakini yeye hana pengine pa kwenda. Hayo tunayajua sisi tunaoishi naye.

Kwa hiyo tunapendekeza makubaliano machache:

- Masasisho na upakuaji mkubwa ufanyike usiku wa manane au wakati wengi wapo nje.
- Mwenye kazi ya tarehe ya mwisho, au dharura ya nyumbani, aseme. Wengine wasimamishe video.
- Asiye na bando apewe nafasi kwanza saa za msongamano, bila kulazimika kuomba kila siku.
- Andiko ambalo mmoja ameshalipakua ligawanywe kwa flashi.
- Gharama ya ruta ichangwe kwa uwezo, na aliyechanga zaidi asidai kasi zaidi.

Makubaliano haya yaandikwe na kubandikwa mlangoni, kisha yapitiwe upya kila muhula, kwa sababu wakazi wa chumba hubadilika na mahitaji yao pia.