Fanani Aombapo Kura: Bobi Wine kutoka Filamu hadi Bunge

Katika mikutano ya kampeni, kutoka Garsen hadi Kampala, mwimbaji amezoeleka kuwa mtangulizi: huuchangamsha umati, kisha humpisha mgombea. Robert Kyagulanyi Ssentamu, maarufu kama Bobi Wine, aliupindua utaratibu huo. Makala haya yanachunguza yaliyojiri fanani alipojiombea kura mwenyewe.

Kyagulanyi alikulia Kamwokya, mtaa wa mabanda jijini Kampala, akasomea muziki, ngoma na drama katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kabla ya kuingia siasa alikwisha kuigiza katika Divizionz (2007), filamu kuhusu vijana wanamuziki wa mitaa hiyo wanaosaka jukwaa, na Situka (2015), ambayo jina lake kwa Kiganda ni wito wa kuinuka. Tarehe 29 Juni 2017 alichaguliwa kuwa mbunge wa Kyadondo Mashariki akiwa mgombea huru.

Ni rahisi kudai kwamba umaarufu ndio uliompa kiti, lakini dai hilo halitoshelezi. Kwa miaka mingi alikuwa amejiita Rais wa Gheto. Hadhira ilikizoea cheo hicho kama cha mhusika. Uchaguzi uliitaka ikichukue kwa maana yake halisi.

Serikali nayo iliisoma sanaa hiyo kwa makini, pengine kuliko wahakiki. Baada ya 2017 matamasha yake yalizuiwa mara kwa mara. Mwaka 2019 kofia nyekundu aina ya bereti, ambayo wanatamthilia wangeiita maleba, ilitangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa vazi la jeshi, raia wakakatazwa kuivaa.

Hata hivyo, sauti ya jukwaani ina gharama zake. Mwaka 2014 Uingereza ilimnyima viza kutokana na nyimbo zilizowashambulia mashoga. Hapa ndipo filamu na wimbo vinapoachana: mwigizaji huweza kujitetea kwamba maneno ni ya mhusika, ilhali mwimbaji anayesema "mimi" hana kimbilio hilo, hasa akishakuwa mtunga sheria.

Katika tamasha, fanani huisikia hadhira ikiitikia papo hapo. Katika uchaguzi wa rais wa Januari 2021, jibu lilitangazwa na Tume ya Uchaguzi: takriban asilimia 35, nafasi ya pili nyuma ya Yoweri Museveni. Kyagulanyi aliyakataa matokeo hayo, wanajeshi wakiwa wameizingira nyumba yake huko Magere.